Shangazi, yule wa chini ya migomba naye alikuwa mtu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nawe ulisema mbele ya watu. Wanaosoma hapa hawakujui, wala jina lako sitalitaja, lakini wewe utajijua tangu mstari wa kwanza, na mjukuu wako atakusomea kwenye simu yake kama anavyokusomea matangazo ya vifo. Siandiki ili kukuvunjia heshima. Ni wewe uliyenilea mama alipofariki, ukanifundisha kusoma kwa Biblia ile ya jalada jeusi, na hadi leo nikifungua Zaburi naisikia sauti yako. Ndiyo maana Zaburi uliyoichagua siku ile baraza la wazee wa kanisa lilipomhukumu binti wa kaka yangu kwa kutoa mimba iliniuma kuliko maneno yako mengine yote.

Binti wa kaka alikuwa amesimama, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Ukasoma Zaburi ya 139, kwamba Mungu alituunga tumboni mwa mama zetu na macho yake yalituona kabla hatujakamilika. Ukaongeza Yeremia, ambaye Bwana alimjua kabla hajamwumba katika tumbo. Kisha ukamwita binti yule muuaji, ukashauri atengwe na meza ya Bwana, na wenzako wakakubali. Sina ugomvi na maandiko hayo. Nayaamini, na naamini kwamba alichokitoa kilikuwa kiumbe aliyejulikana na Mungu. Tofauti yetu, Shangazi, ni kwamba mimi nayaamini hata pale ambapo hakuna mtu wa kushtakiwa.

Unaikumbuka mimba yangu ya pili. Ilikuwa imeingia mwezi wa sita, mwezi ule ule ambao Yohana aliruka kwa shangwe tumboni mwa Elisabeti aliposikia salamu ya Mariamu. Nesi alinikabidhi mwanangu akiwa amefungwa katika kipande cha kitenge changu mwenyewe, na tulipokuwa garini tukirudi Tukuyu nilikifunua. Alikuwa na nyusi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunjwa, vya kulia vimenyooka. Ukamchukua mikononi mwangu, ukamfunga upya, ukasema, "Acha kumfunuafunua, hicho hakijawa mtu." Jioni mwinjilisti alikuja na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akiwa amelowa mvua, nawe ukamzuia mlangoni ukimwambia kwamba hapa hakuna msiba, mwanamke ameharibikiwa mimba tu. Nilikuwa chumbani na nilisikia kila neno. Bibi ndiye aliyechimba kwa jembe, nyuma ya jiko, chini ya migomba, peke yake, bila wimbo wala sala. Mkeka haukutandikwa, chakula kilipikwa kama siku nyingine, na majirani waliokuja kunijulia hali waliambiwa nina malaria.

Hilo sijalisamehe. Nimejaribu, na ninajua ulidhani unanikinga, kwa sababu wewe mwenyewe uliwahi kuzika hivyo, na hakuna aliyekutolea pole. Lakini huwezi kusema hakijawa mtu pale mama anapotaka kulia, halafu useme ni mtu kamili pale binti anapopaswa kuhukumiwa. Wanangu na wajukuu zako hawawezi kuwa na Mungu wa namna mbili.

Uliniambia mlangoni mwa kanisa kwamba nimeanza kusoma Biblia kwa akili za mjini, kwa hiyo nikueleze nilivyoisoma. Andiko gumu ni Kutoka 21, juu ya watu wanaopigana na kumwumiza mwanamke mwenye mimba. Wako wanaolisoma kwamba mtoto akifa, mkosaji anatozwa fidia tu, na kanuni ya uhai kwa uhai inaanza mama anapodhurika, na kwa hiyo wanahitimisha kwamba sheria ya Musa haikumhesabu aliye tumboni sawa na aliyezaliwa. Wengine wanasema andiko linamzungumzia mtoto aliyetoka kabla ya wakati akiwa hai, na uhai kwa uhai unawahusu wote wawili. Nimezisoma hoja zote mbili na sioni kwamba yoyote kati yake inaruhusu kusema aliye tumboni si kitu, maana hata fidia haitozwi kwa kitu kisichokuwapo. Wengine hushika Mwanzo 2, kwamba mtu akawa nafsi hai baada ya kupuliziwa pumzi puani, nami huwajibu kwamba Adamu hakupita tumboni mwa mwanamke yeyote, hivyo habari yake haiwezi kuwa kipimo cha walio tumboni.

Kanisa lenyewe halikulimaliza swali hili kwa siku moja. Kitabu cha Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, kilikataza wazi kumwua mtoto kwa kutoa mimba. Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, aliikemea dhambi hiyo, lakini alitenganisha mimba ambayo mwili wake umekwisha kufanyika na ile ambayo bado, na alipoulizwa kama mimba zilizoharibika zitafufuka, aliandika kwamba hathubutu kukubali wala kukataa. Thomas wa Aquino, mwanateolojia wa zama za kati, naye alifundisha kwamba roho ya kibinadamu huja baada ya mwili kuumbika. Kwa Wakatoliki, tofauti hiyo iliondolewa katika adhabu za kanisa mwaka 1869 chini ya Papa Pius wa Tisa. Wote hao waliiita kutoa mimba dhambi, ila hawakuwa na neno moja juu ya saa ambayo Mungu huianza kazi yake. Na Mhubiri 11:5 inasema hatujui jinsi mifupa inavyokua tumboni mwa mja mzito. Mimi, kwa kuwa siijui saa hiyo, naona heri kumheshimu tangu mwanzo kuliko kubahatisha.

Andiko ambalo hujawahi kulisoma kanisani ni Ayubu 3. Katika uchungu wake Ayubu anatamani angekuwa kama mimba iliyoharibika, kama watoto wasioona mwanga, na anawaweka watoto hao mahali pamoja na wafalme na washauri wa nchi, mahali ambapo waliochoka wanapumzika. Nililisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mwanangu akiwa tayari ameshaoza chini ya migomba, nikajiuliza kwa nini nilikulia katika nyumba ya mzee wa kanisa bila kuambiwa hilo.

Sasa turudi kwa binti. Alikuwa kidato cha tatu. Serikali ya Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni, lakini yeye hakukumbuka serikali ilisema nini. Alikumbuka ulichosema wewe kila Krismasi, kwamba atakayeleta mimba nyumbani kwako asikanyage kizingiti chako. Akanunua vidonge kwa mtu, akavinywa usiku, akavuja damu hadi godoro likalowa. Aliyempa mimba alikaa benchi la tatu siku ya baraza na hakuna aliyemwuliza lolote. Zaburi ya 139 inamhusu na yeye, Shangazi. Aliye tumboni huwa na baba.

Ulisema kwamba nilimficha na kwamba ungenipeleka polisi. Naijua sheria: Kanuni ya Adhabu inampa mwanamke anayejitoa mimba kifungo cha hadi miaka 7, na anayemtoa mwenzake hadi miaka 14. Sikumtoa mtu mimba. Nilimpakia kwenye bajaji alfajiri, nikampeleka akatibiwe, na kumtibu mwanamke anayevuja damu si kosa katika nchi hii, hata damu hiyo iwe imetokana na nini. Baraza liliponiuliza alikuwa wapi wiki ile, nilinyamaza, na kama leo lingeniuliza tena ningenyamaza. Shifra na Pua, wale wakunga walioamriwa kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania, hawakumpa Farao jibu alilotaka, na Mungu akawatendea mema. Utasema wao waliokoa watoto. Nami nilimwokoa mtoto. Mtoto wa kaka yangu, ambaye wewe ulimbeba mgongoni kama mwanao.

 

Ninachokuomba si kwamba ubadili imani. Endelea kufundisha kwamba uhai ni wa Mungu tangu tumboni; nitakaa mbele nikusikilize. Lakini fundisho hilo lianze nyumbani kwako, kwa kuondoa neno lile la kizingiti, ili binti mwingine akijikuta na mimba akimbilie kwako badala ya kwa muuza vidonge. Waambie wazee wenzako kwamba mwanamke aliyeharibikiwa mimba afanyiwe sala na apewe pole kama mfiwa yeyote. Na asubuhi ya Pasaka, tutakapokwenda makaburini na kuwataja waliotutangulia, nataka mwanangu atajwe, na umtaje wewe.

Binti anarudi shuleni Januari. Sare ameshashonewa sokoni Mwanjelwa, madaftari yapo, na kaka atakuwa safarini Tunduma, kwa hiyo anahitaji mzee wa kumsindikiza kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza. Amekutaja wewe. Nilimwambia achague mwingine, akakataa. Nipigie simu mwenyewe, usimtume mtu.