Urani ya Hiroshima haikutoka "barani Afrika" tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala yenu ya kumbukumbu ya bomu la atomiki lililodondoshwa Hiroshima, Japani. Mwandishi hakubakisha kitu: rubani ametajwa, ndege imetajwa jina lake na jimbo ilikoundwa, Nebraska, na saa bomu lilipodondoshwa tumepewa. Alipofika kwenye urani yenyewe, ambayo bila hiyo pasingekuwa na bomu, akaandika kwamba "ilichimbwa barani Afrika", kisha akaendelea na safari yake. Bara zima! Ndege ina jimbo, madini hayana hata wilaya.

Mgodi huo unaitwa Shinkolobwe. Uko Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, kilomita kama 20 magharibi mwa mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Wenyeji wa kule wanasema Kiswahili, kile cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa, na pengine barua hii ingemfaa zaidi mmoja wao kuliko mimi, mwalimu mstaafu wa Jiografia niliye Morogoro. Lakini nimengoja wiki mbili na sijaiona, basi naandika mimi.

Vitabu vinasema mgodi uligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1921, na wakati huo hakuna aliyeijali urani. Kilichotakiwa ni radiamu, iliyokuwa ikitumika kutibu saratani na kung'arisha namba za saa gizani. Ili kupata gramu moja ya radiamu unahitaji mawe yenye tani kama tatu za urani, kwa hiyo urani ilikuwa pumba tu kwa mtu aliyekuja kutafuta mchele. Kidogo ilitumika kutia rangi vioo na vyombo vya udongo. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, yakasafishwa huko, na radiamu ya Kongo ikashusha bei ya dunia hadi dola 70,000 kwa gramu. Mwaka 1937 mgodi ukasimamishwa na maji yakajaa mashimoni.

Hapo ndipo sharti nimtaje Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni hiyo, kwa sababu alikuwa na akili ya kuona mbali, upende usipende. Mwaka 1940 alihamisha tani zipatazo 1,200 za mawe bora kabisa kutoka Katanga hadi New York, yakawekwa katika ghala la Staten Island, karibu na daraja la Bayonne. Yakakaa pale yamesahaulika. Septemba 1942 kanali wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipokwenda ofisini kwa Sengier kuuliza habari za urani, mzigo ulikuwa tayari umeshavuka bahari. Mawe yale yalikuwa na oksaidi ya urani, yaani urani iliyoungana na oksijeni, kwa asilimia 65. Kwa kulinganisha, jiwe la mgodi wa kawaida wa urani halifikishi hata asilimia moja. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakaja Katanga, maji yakavutwa, mgodi ukafunguliwa upya, na jina Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Vibarua Wakongo walichambua mawe kwa mikono na kuyapakia bila kuambiwa wanashika nini.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Vibarua hawakupewa chochote ninachoweza kukitaja hapa.

Mhariri, nilipokuwa nafundisha nilikuwa na mazoea ya kuwauliza wanafunzi: jiwe hili kalipa jina nani? Shinkolobwe ni darasa zima la swali hilo. Mishipa ya chini kabisa ya mgodi ina uraniniti, jiwe la urani lililo jeusi na zito kupita unavyodhani ukiliangalia. Karibu na uso wa ardhi, ambako maji ya mvua na hewa vimelila jiwe hilo kwa muda mrefu sana, huzaliwa madini mengine yenye rangi za kushangaza: manjano ya binzari, chungwa iliyoiva, kijani cha jani la mgomba. Mengi yalielezwa kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mawe ya hapo hapo. Kuriti, mwaka 1921, ilipewa jina la Pierre Curie. Sklodoviskiti, mwaka 1924, la mkewe, Marie Sklodowska Curie, aliyegundua radiamu pamoja naye. Bekereliti ni ya Henri Becquerel, aliyegundua mionzi ya urani. Shepiti ni ya Alfred Schoep, profesa wa Chuo Kikuu cha Ghent aliyeyachunguza mengi kati ya mawe hayo. Shapiti ni ya yule Sharp. Katieriti, yenye metali ya kobalti, ni ya Félicien Cattier, mwenyekiti wa bodi ya kampuni. Na Sengier naye ana jiwe lake, sengieriti, la kijani, lililopatikana katika mgodi mwingine wa Katanga.

Wanasayansi sina ugomvi nao, walifanya kazi. Ila mwenyekiti wa bodi kuwa jiwe! Katika orodha yote niliyoweza kuikusanya, moja tu, kasoliti, limebeba jina la mahali lilipotoka: Kasolo, jina jingine la mgodi huo huo. La mchimbaji sijaliona hata moja.

Wala tusiwacheke Wakongo. Tanzanaiti yetu ilibatizwa na duka la vito la New York, na Jumanne Ngoma, mgunduzi wake, alisubiri hadi mwaka 2018 kutunukiwa na Rais Magufuli. Huku Morogoro, katika milima ya Uluguru, lilipatikana mwaka 1906 jiwe la manjano la urani ambalo leo linaitwa rutherfodini, kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Jiwe hilo hilo limo pia Shinkolobwe. Nimefundisha miaka mingi chini ya milima hiyo na sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyefika darasani akiwa analijua, na kwa miaka ya mwanzo hata mimi sikulijua.

Tukirudi mgodini: Wabelgiji waliufunga mwaka 1960, uhuru ukibisha hodi, wakaacha maji yajae na kuziba mashimo kwa zege. Zege haikuwazuia watu wenye njaa. Kobalti ilipopanda bei, maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi na sululu na magunia, wakichimba kobalti pembeni mwa urani, na kijiji kizima kikaota pale. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga mgodi. Julai mwaka huo huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu wanane. Kijiji kikavunjwa, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika mwishoni mwa mwaka walionya kwamba ardhi ile inaweza kuporomoka tena, mbali na hatari ya mionzi kwa anayekaa hapo muda mrefu. Hatari hizo mbili watu huzichanganya. Mionzi huua polepole. Kifusi hakikupi nafasi ya kugeuka.

Nayaandika haya pia kwa kuwa magazeti yetu sasa yana habari za urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, kusini mwa Tanzania, karibu kila mwezi. Wahariri wa nchi za mbali nao wataandika, na sitashangaa nikikuta Namtumbo imekuwa "barani Afrika".

Naomba basi sahihisho. Si refu, na makala yenu ilichukua kurasa mbili, hivyo nafasi ipo. Mnaweza kuandika hivi: "Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, na vibarua Wakongo ambao majina yao gazeti hili halinayo." Msomaji wa Likasi anayeyajua, awaletee.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro