Jina langu wameliweka chini ya mama wa wali

Shikamoo Anti,

Saa tisa usiku hii sijafumba jicho. Tafadhali usinijibu kwamba ningeandikisha kwanza skripti yangu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, hilo nimeshaambiwa na kila mtu, hata shemeji anayeuza mbolea. Najua. Najua pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, cheti ni ushahidi tu wa kushika mkononi mkigombana. Kinachoniuma ni jina. Sehemu zote 13 za tamthilia niliyoiandika zimeonyeshwa kwenye televisheni, mwanzoni wanaandika hadithi ni ya mwongozaji, mimi niko mwisho kabisa kwenye shukrani, herufi za sisimizi, chini ya mama aliyekuwa akipika wali lokesheni, pale wanaporekodi. Mama yule sina neno naye, na wali wake ulikuwa mtamu.

Skripti ilikuwa ya filamu, kurasa 96. Mwongozaji akasema chaneli inataka tamthilia. Nikaivunja upya, sehemu 13, kila moja kurasa 24, maana ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na kipindi cha nusu saa cha televisheni lazima kiachie matangazo. Na kuvunja si kukata mkate. Kila sehemu iishie na swali la kumrudisha mtazamaji, kwa hiyo siri ya hati ya kihamba (shamba la ukoo), ambayo kwenye filamu ilifichuka mara moja ukurasa wa 70, ilibidi niidondoshe kidogo kidogo: kwanza mtu anaona muhuri, baadaye tarehe, mwisho sahihi ya marehemu. Lokesheni nikazishusha kutoka 22 hadi 7, wahusika kutoka 18 hadi 9, msiba wa Kibosho nikauonyesha kwa jikoni tu, kelele za waombolezaji zisikike nje, ili wasikodi maturubai na watu mia. Mtu "aliyechapa tu" anafanya hayo?

Maana ndivyo anavyosema, kwamba nilichapa tu, wazo lilikuwa lake. Ni kweli, tukinywa chai alisema tufanye kitu cha ugomvi wa kihamba. Anti, ugomvi wa kihamba uko kila mlango huku kwetu! Wazo sheria hailindi, la kwake wala la kwangu. Inalinda lilivyoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Halafu sini, yaani onyesho, ya 31. Ni usiku, umeme umekatika, kijana anamkabidhi baba yake mdogo ile hati akidhani ni kaka yake. Hadithi yote imening'inia hapo. Wao wakaipiga saa nane mchana kukwepa gharama za jenereta na taa. Sasa kijana anamkazia macho baba mdogo juani, anamwita kaka! Hapo nikashukuru kwamba jina langu halipo. Kisha nikalia kwa sababu halipo.

Hela sidai. Ila laki tatu na nusu kwa kurasa 312, gawanya mwenyewe, hata steshenari wanaochapa barua hapa mtaani wangekataa.

Sasa kaleta mkataba wa msimu wa pili. Elfu themanini kwa sehemu, nilipwe ikisharushwa hewani, marekebisho "mpaka mwongozaji aridhike", haki zote ziwe zake milele. Kuhusu jina: "mwandishi atatambuliwa ipasavyo". Ipasavyo hiyo hiyo ndiyo iliyoniweka chini ya wali. Nimeandika pembeni kwa penseli: jina langu peke yake kwenye skrini mwanzoni mwa kila sehemu; theluthi ya malipo nikisaini, theluthi nikikabidhi rasimu ya kwanza, theluthi nikikabidhi ya mwisho; marekebisho mara mbili, la tatu lilipiwe. Mume wangu anasema nikimrudishia hivyo atachukua mwingine, vijana wa kuandika bure wamejaa Moshi na Arusha. Jibu anataka Ijumaa.

Mtu yule sitaki hata kumwona. Ila kama akikubali la jina akakataa mengine yote, nisaini? Nijibu mapema, Anti, kwa sababu sehemu ya kwanza nimeshafika ukurasa wa 11, na sini zote za usiku nimezihamishia mchana.

Asiyelala,
Pasua, Moshi