Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maafa: msindano ulioungua haungoji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, mwenye dhamana ya uratibu wa maafa

Kamwene, Mheshimiwa.

Ndivyo tunavyosalimiana huku Mufindi. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima mdogo wa miti. Nakuandikia Agosti hii, sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, imeshaunguza majani yote ya mabondeni, nyasi zinalia chini ya miguu kama karatasi, na kila jioni mtu akiona moshi upande wa pili wa kilima anasimama kwanza, anauangalia unaelekea wapi, ndipo anaendelea na shughuli zake.

Oktoba mwaka jana hatukupata muda wa kuuangalia. Mtu alikuwa akisafisha shamba la ulezi kusubiri mvua, upepo wa saa nane mchana ukamzidi nguvu. Moto kichaa, jina lenyewe linajieleza. Tulipiga yowe, tukatoka na majembe, ndoo na matawi mabichi, wazee kwa vijana, maana sheria ndogo za kijiji zinatutaka tutoke na hata zisingetutaka tungetoka. Ulivuka kijito kwa kurukia vichwa vya miti. Ulipozimika alfajiri ya siku ya pili, kaya 19 zilikuwa zimeunguliwa. Nyumba mbili zilikwenda, na ghala moja la mahindi, na mizinga yote ya nyuki ya mjomba wangu. Mimi nilipoteza ekari tatu za misindano, yaani miti ya paini, niliyoipanda mwaka 2012 kwa mshahara wa ualimu, nikiihesabu kuwa kiinua mgongo changu cha pili. Kijana mmoja aliungua mikono yote miwili akizima shamba ambalo halikuwa lake, na gharama za matibabu zikalipwa na mama yake kwa kuuza mbuzi.

Viongozi walifika, nawashukuru. Waliandika majina yetu kwenye kaunta buku, wakatupa pole, wakaondoka. Barua hii inahusu kilichofuata, kwa sababu huko ndiko tulikoumia zaidi.

Niruhusu nieleze jambo la miti kidogo. Nimegundua kwamba maofisini wengi wanauchukulia mti ulioungua kama nyumba iliyoungua: umekwisha, kilichobaki ni kuhesabu. Sivyo. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukipitiwa na moto mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Msindano hauchipui. Unakufa ukiwa umesimama. Lakini chini ya lile gome jeusi ubao bado ni mzima, na ukiangushwa na kupasuliwa mapema unatoa mbao za kuezekea kama mti mwingine wowote. Ukiachwa, wadudu wanaingia chini ya gome, ukungu unafuata, na ubao unageuka rangi ya bluu. Mnunuzi akiiona bluu anakata bei, au anageuza gari. Kwa hiyo mkulima aliyeunguliwa na miti ya miaka 13 ana wiki chache za kuokoa kilichobaki, na mvua zikishaanza wiki hizo zinapungua zaidi.

Madalali wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Walifika siku ya tatu, majivu bado ya moto. Bei niliyotajiwa kwa ekari zangu tatu haikufika robo ya ile niliyokuwa nimetajiwa mwezi wa sita. Niliuza ekari moja kwa bei hiyo, maana nilihitaji fedha ya chakula. Mbili nikasema nitapasua mwenyewe. Nikakuta kaya zote 19 tunaitafuta mashine ileile ya kupasulia mbao, dingdong, na mwenye mashine anamfuata mwenye kulipa kwanza. Nilipopata mbao, nikahitaji kibali cha kuzisafirisha. Kwenye ofisi moja niliambiwa nisubiri mkaguzi aje ahakikishe kwamba miti ni yangu na iliungua kweli. Alikuja wiki ya saba. Mbao zilikuwa zimeshaingia bluu. Na ushuru nilitozwa uleule wa mbao nzuri.

Mheshimiwa, hakuna aliyeniibia. Kila mtu alifuata utaratibu wake. Ila ule utaratibu ulitungwa kwa ajili ya mtu anayevuna kwa hiari, anayeweza kungoja mwezi au mwaka, na sisi tulikuwa tunavuna mtu akiwa bado ananuka moshi.

Nimeisoma Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Imeunda kamati kutoka taifa hadi kijijini, na imeweka mfuko wa taifa wa maafa. Maana ya maafa kwa tafsiri yake ni tukio linalovuruga maisha ya jamii kupita uwezo wa jamii hiyo kujisaidia. Sasa kaya 19 katika kijiji kimoja zikipoteza akiba ya miaka 13 kwa mchana na usiku mmoja, uwezo wa kujisaidia utatoka wapi? Lakini nilipouliza kama tutafanyiwa tathmini ya maafa, nilijibiwa kwamba ule ulikuwa moto wa mashamba. Neno hilo, "wa mashamba", ndilo lililotufungia mlango. Mafuriko yakizoa mpunga ni maafa. Moto ukila msitu wa mjane ni ajali ya kilimo.

Sisemi hivi kwa wivu. Maporomoko ya tope yalipoishukia Katesh, kule Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, nililia mbele ya redio, na nilifurahi Serikali ilipowajengea waathirika nyumba zaidi ya 100. Kule watu walikufa kwa makumi; msiba wetu haulingani na wao na sitaki ulinganishwe. Ninachokumbusha ni kwamba siku ile tuliona nchi inaweza kwenda haraka ikiamua.

Na miti hii hatukuipanda kwa siri. Tuko jirani na Sao Hill, shamba la miti la Serikali lenye hekta zaidi ya 135,000, lenye minara ya kuangalia moto na watu wa kuuzima. Sisi tuliona, tukaiga. Kuanzia mwaka 2014 ukaja mradi wa Panda Miti Kibiashara kwa msaada wa Finland, tukaunda vyama vya wakulima wa miti, tukafundishwa mbegu bora, nafasi ya mita tatu kwa tatu, kupogoa matawi, hata kulima njia za kuzuia moto. Mafunzo mazuri sana, na njia hizo ziliokoa mashamba kadhaa Oktoba ile. Leo sehemu kubwa ya mbao zinazoezeka nyumba za nchi hii inatoka kwenye mashamba ya watu wadogo kama mimi. Siku ya kupanda tuliandaliwa. Siku ya kwanza baada ya moto haikuwa na mwenyewe.

Naomba basi siku hiyo ipewe mwenyewe, na kwa kuwa ofisi yako ndiyo inayoratibu, naona ni wewe.

Kubwa kuliko yote ni muda. Moto ukithibitishwa na kamati ya maafa ya kijiji na afisa misitu wa wilaya, kitolewe kibali cha dharura cha kuvuna na kusafirisha miti iliyoungua ndani ya siku saba, bila ushuru. Halmashauri haitapoteza kitu ambacho ingekipata, kwa sababu mti ulioachwa ukaoza hauna ushuru wa kutozwa. Mashine mbili au tatu zikodiwe kwa pamoja kupitia chama cha wakulima na ziwekwe kijijini mpaka mti wa mwisho upasuliwe. Na bei ya soko ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ili mama asiyejua bei ya soko la Mafinga wiki hiyo asiuze shamba kwa bei ya gunia la mahindi.

Halafu fedha ya mkononi, kidogo tu, ya miezi mitatu ya kwanza. Watu wanadhani msaada wa fedha unamfanya mtu bwete. Waje waone kinachotokea usipokuwepo. Jirani yangu, mjane, aliyekuwa amepanga kuuza miti yake Januari ili mwanawe aende chuo, alikopa kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Machi walimtolea nje kitanda na godoro. Deni lake la sasa ni kubwa kuliko thamani ya miti iliyoungua, na chanzo chake ni fedha ambayo ingetosha kulipwa mara moja kwa simu. TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, ina orodha, ina njia ya kulipa kaya moja moja. Haihitaji kuanzishwa ofisi mpya. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni njema, lakini imegawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inataka kikundi, na inataka marejesho ya haraka. Mzee wa miaka 60 aliyeunguliwa hana mlango hapo, na hakuna mti unaorejesha ndani ya mwaka.

Nimesoma walivyofanya Australia baada ya moto mkubwa wa 2019 na 2020. Serikali yao ya shirikisho ilitenga dola bilioni 2 za kwao, ikaunda chombo cha kusimamia urejeshaji, ikampa mtu mzima aliyeathirika dola 1,000 na mtoto dola 400 zilizoongezwa baadaye hadi 800, na wakulima waliounguliwa wakaweza kuomba ruzuku hadi dola 75,000. Sisi si Australia, na siombi dola hizo. Nilichokipenda ni kitu kingine kabisa: katika miji kama Bega na Bairnsdale waliweka vituo ambamo mtu aliyeunguliwa aliingia mlango mmoja akakuta watu wa malipo, wa makazi na wa ushauri wamekaa pamoja. Mimi nilipanda gari mara sita kwenda ofisi nne. Nauli hiyo ingenunua miche ya ekari nzima.

Na nyaraka, Mheshimiwa. Nyumba mbili zilizoungua ziliondoka na vyeti vya kuzaliwa, kadi za NIDA na hati za hakimiliki ya kimila. Mwenye nyumba anaambiwa athibitishe kwamba ardhi ni yake, na uthibitisho ni majivu. Kuupata upya kunataka taarifa ya polisi, ada, picha, safari. Naomba ada hizo zifutwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya moto, na afisa ardhi aje kijijini siku moja na daftari lake. Siku moja inatosha.

Miche tutaiotesha wenyewe. Hapa kwetu miche inaingia ardhini Desemba hadi Februari. Iliyoletwa bure mwezi wa Aprili inafaa kuwashia jiko. Ekari moja inataka miche kama 450, na wengi wetu tunajua kuotesha. Tunachokosa ni mbegu bora na nguvu ya palizi kwa miaka miwili ya mwanzo, kabla mti haujazidi majani. Msaada unaoishia siku ya kupanda unakuza nyasi, na nyasi hizo ndizo chakula cha moto wa Oktoba ijayo. Tumeambiwa pia tukate bima. Tuko tayari, lakini bima za kilimo zilizotufikia zimeshonwa kwa mazao ya msimu mmoja, nami shamba langu lina misimu 15.

Kuhusu aliyewasha moto, wengi wananiuliza. Tunamjua. Alikuwa wa kwanza kupiga yowe, na aliungua nyusi akijaribu kuuzima. Alitozwa faini, akalipa kwa kuuza ng'ombe wake pekee. Faini ile haikununua mche hata mmoja kwa mtu yeyote. Naomba faini za moto zibaki kijijini, ziende kwenye mfuko wa kuwasaidia waliounguliwa. Mimi na yeye tunateka maji kisima kimoja, na ingenisaidia moyo wangu kujua kwamba ng'ombe yule alirudi kwetu kwa namna fulani.

Lile kaunta buku la Oktoba sijui liliko, kwa hiyo tumetengeneza letu. Lina majina ya kaya 19, ukubwa wa kila shamba, mwaka wa kupanda, kilichouzwa na kwa bei gani, kilichooza, deni la kila mmoja na anayedaiwa na nani. Mwenyekiti wa kijiji ameligonga mhuri kila ukurasa. Kijana aliyeungua mikono ndiye aliyechora ramani, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado haujakunjuka vizuri. Tumetoa nakala mbili. Mvua zinaanza Novemba. Naomba ofisi yako itujulishe nakala ya pili tuipeleke mlango gani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa miti,
Mufindi, Iringa