Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha, pamoja na majina ya wenye ada zilizolala, atawasomea mhazini. Mimi naja na kazi iliyotushughulisha gereji mwaka huu: saketi ya kuchaji na kulinda betri za magari yetu ya kale.

Wageni kwanza niwaweke sawa. Cadillac ya 1912 ndiyo iliyoleta starta ya umeme ya Charles Kettering. Ford Model T ilianza kuipata 1919. Tangu hapo betri ikahitaji dainamo, jenereta inayozungushwa na injini ili kuichaji, na dainamo nyingi za zama hizo hazina kidhibiti cha volti. Zina brashi ya tatu, kipande cha kaboni kinachogusa sehemu inayozunguka, unayoisogeza kwa mkono kupanga ampea. Hiyo haijui betri imejaa au haijajaa. Ukiendesha mchana kutwa bila taa, maji ya betri yanachemka. Magari mengi ya Uingereza yaliwekewa swichi: kiangazi nusu chaji, majira ya baridi chaji kamili. Dereva ndiye aliyekuwa kidhibiti! Tena waya wa betri ukichomoka injini ikinguruma, volti hupaa, balbu zinakwenda, kisha koili ya dainamo yenyewe.

Katauti, swichi ya sumaku iliyo kati ya dainamo na betri, haizuii lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kuunganisha dainamo inapoizidi betri na kukata umeme unapotaka kurudi. Platini zake, yaani ncha zinazogusana kupitisha umeme, zikigandana, betri huigeuza dainamo kuwa mota, na waya huanza kunuka.

Kamati ya ufundi imeweka dayodi ya Schottky, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mahali pa platini. Inapoteza takribani nusu volti, kwa hiyo kwenye ampea 8 inatoa wati 4 za joto. Ndiyo maana imebanwa kwenye bati la kasha. Waya wa koili ya sumaku ya dainamo unapita kwenye transista, swichi ya kielektroniki, inayokata volti zikifika 7.2, yaani 2.4 kwa kila seli ya betri ya volti 6. Dayodi nyingine inameza mshtuko wa koili inapokatwa. Wenzetu wa Mombasa walidai kipimo cha joto, na walikuwa na haki: kwa kila digrii joto linapopanda, kikomo cha volti kinafaa kushuka takribani milivolti 4 kwa seli.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa Model T. Koili yake imeungwa ethi, yaani kwenye bodi ya chuma, ndani ya dainamo, kwa hiyo transista inalazimu kuifungua na kutoa waya nje. Baadhi yenu mliita huo uharibifu wa mali ya kihistoria. Sikubaliani; waya unarudishika, koili iliyoungua hairudi. Hata hivyo anayekataa asilazimishwe: afunge dayodi peke yake, apunguze brashi ya tatu, na akumbuke kuwasha taa safarini. Vyote vinafichwa ndani ya kasha la katauti la zamani, na hilo halikupingwa na mtu.

Wenye Ford Model A msifunge kwanza. Ethi yenu ni chanya, ya Model T ni hasi, na kibao cha saketi hii kikiungwa kinyume kitaungua papo hapo. Toleo lenu litajengwa mwaka ujao. Tunahitaji dainamo moja ya majaribio. Aliye tayari kuazima amwone katibu kabla ya chakula.