Barua kwa mwanangu kabla hujapeleka mahari Sengerema

Baba, shangazi yako kaniambia mlivyopanga, kwamba siku ya mahari yeye ndo atakaa kwenye nafasi ya mama na mi nibaki hapa Kirumba na dagaa zangu. Sikulia. Nimemaliza kuanika ndo nimekaa kukuandikia.

Najua unachoogopa. Ulikuwa darasa la 4 nilipomwaga ndoo nzima ya dagaa barabarani huku nagombana na watu ambao nyie hamkuwaona, wenzio wakakuita mtoto wa chizi mpaka ukakataa shule. Hiyo siwezi kuifuta. Baba yako akauza ng'ombe 2 kwa waganga, tuliache hilo. Ila toka nianze sindano ya kila mwezi pale hospitali ya Bugando zile sauti zimebaki kama redio ya jirani, naisikia ila haina shida na mimi. Na hayo maneno kwamba kichaa kinanipanda mwezi ukiwa mkubwa, we si mtoto wa mwaloni, pale soko la dagaa ziwani? mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki maana taa hazivuti kitu, nashinda nyumbani, ndo majirani wananiona, tena nafagia tu!!

Sasa wakwe. Wakisikia kwa watu watasema mmewaficha, na kweli mtakuwa mmewaficha. Mtume mshenga aseme mapema kuhusu huu ugonjwa wangu wa akili, jina lake skizofrenia, sio kulogwa. Nesi alituambia duniani ni kama mtu 1 kwa kila watu 300, nikamwambia basi pale mwaloni zamu imeniangukia mimi, akacheka mpaka akakaa. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anao, ni kama 1 kati ya 10 huupata, na hilo lisemwe, usiliruke, ila waambie pia una miaka 31 na huu mara nyingi huanza ujana ukiwa bado mbichi. Binti mwenyewe umeshamwambia lakini? Anza na huyo.

Siku hizi kuna daraja Kigongo Busisi la kuvukia kuja Sengerema, hata kivuko hatusubiri, naenda asubuhi jioni nishaanika tena. Sindano yangu tarehe 12, mahari tarehe 14, nikishachomwa huwa nakuwa mzito kidogo kwahiyo nisipoongea sana msishtuke. Kitenge kipo kwa fundi tayari.

Mama yako