Vichaka vya lupango lako

Lubumbashi, tarehe 9 Novemba

Mama Nathan mpenzi,

Jambo sana. Huku tuko wazima, ila Baba Kevin anakohoa kama kawaida yake mvua zinapoanza. Barua yako imefika, ile ya kuniomba nikupandie vichaka visivyopukutisha majani na vinavyochanua wakati wa baridi, pamoja na ile karatasi ya picha zao. Jana nilikwenda nayo mpaka kwenye lupango lako, hicho kiwanja chako, nikasimama katikati ya udongo mwekundu, nikajaribu kuona unachokiona wewe ukiwa huko Liège, Ubelgiji.

Nitasema wazi, usinune. Mahonia, sarkokoka, kamelia, vyote vizuri, lakini hivyo ni vya huko uliko. Baridi yenu ina maji. Mahonia ikitoa mashuke yake ya njano mwezi wa kwanza, mizizi yake imelowa. Yetu ni kavu, umesahau? Mvua inatuaga mwezi wa nne, tunaonana nayo tena mwezi wa kumi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashuka chini ya digrii 10, watoto wanatoka asubuhi na kofia za sufu, saa sita mchana wanarudi wamezishika mkononi. Halafu huo mwezi wa kwanza wenu hapa ni mvua tupu, hata ukichomeka mpini wa jembe utachipua. Kazi iko mwezi wa saba, nyasi zikiwa rangi ya gunia na vumbi la malori likiwa limekaa juu ya kila jani. Na ndio mwezi unaokuja wewe.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta kichaka kitakachovumilia kiangazi. Natafuta kile ambacho kiangazi chenyewe ndicho kinachokichanulisha.

Cha kwanza ni poinsetia. Ngoja nikupe kisa. Ninazo mbili, zote za tawi moja nililoomba kwa jirani. Moja iko nyuma ya jiko, nyingine iko getini, chini ya taa ya mlinzi. Ile ya jiko kila mwezi wa sita inakuwa nyekundu mpaka wapita njia wanachungulia juu ya ukuta. Ile ya geti, majani tu, mabichi, manene. Miaka miwili! Nimeiwekea mavi ya kuku, nimeikata, nimeitukana. Mwaka jana mwezi wa tatu balbu ya geti ikaungua. Baba Kevin akasema atanunua nyingine kesho, na wewe unaijua kesho ya Baba Kevin. Mwezi wa sita geti likawaka jekundu bila balbu.

Mpwa wangu anayesoma kilimo ndiye aliyenieleza: mmea huu unahesabu giza. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu usiku wetu unazidi mchana, na usiku mrefu usiokatizwa ndio unaouambia uanze kutengeneza maua. Taa ikiuangaza, hesabu inavurugika. Na usifikiri kukatika kwa umeme kutakusaidia, maana siku chache za taa zinatosha kuuchanganya. Basi nimemwambia fundi wako taa ya geti aihamishie upande wa choo. Amenitazama kama mwendawazimu.

Ila nisikufiche ubaya wake. Uliniomba kisichopukutisha majani, na poinsetia baridi ikikaza inaangusha ya chini, inabaki na miguu mitupu kama kuku. Juu ni fahari, chini ni aibu. Tena yale mekundu yenyewe ni majani, ua ni zile chembe ndogo za njano katikati. Na utomvu wake mweupe usimfikie Nathan machoni, unawasha vibaya.

Hiyo miguu tutaificha kwa tekoma, ile ya maua ya rangi ya machungwa yenye umbo la tarumbeta. Ni mmea wa kusini mwa Afrika, kwa hiyo jua na ukavu haviutishi, majani yake yanabaki kijani, na ndege wa chozi wanashinda humo wakinyonya. Ukiuacha utapanda mpaka kwenye bati, ndiyo maana tutaukata usimame kiunoni. Ukataji tunaufanya mwezi wa nane, maua yakishapungua. Ukiukata mwezi wa tano umejikatia maua yako mwenyewe, maana yanatokea nchani mwa matawi mapya.

Kaliandra pia nimeiwaza, ile yenye ua kama kifundo cha nyuzi nyekundu. Ni nzuri, haiachi majani, lakini ni ya kununua. Moja tu karibu na kibaraza, basi.

Kwenye ukuta wa nyuma ni bogenvilia, hapo sitaki mjadala. Ila mkataze huyo kijana wako na bidoni zake, hayo madumu ya maji. Bogenvilia ukiinywesha kila jioni inakupa majani na miiba, ukiiacha na kiu ndipo inatoa rangi. Mwaka wa kwanza tutaitunza ishike mizizi, baada ya hapo kiangazi inyimwe.

Vyote hivi vinapandwa sasa, mvua ingali changa, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya mwezi wa tano. Hakuna cha kununua isipokuwa kaliandra, vingine ni vipande vya matawi vya kuomba kwa watu. Cha poinsetia nitakiacha kikauke utomvu siku moja mbili kabla ya kukichomeka. Kile kichuguu cha nyuma, fundi wa matofali alikuwa ameshakikata nusu, nimemzuia. Udongo wake una chokaa na rutuba, koleo moja katika kila shimo linapunguza ukali wa huu mwekundu. Kamelia yako ingekasirika kwa hilo, hiyo chokaa haiitaki kabisa.

Sarkokoka usiiache lakini. Ipande huko huko Liège, pembeni ya mlango, kama karatasi yako inavyosema ua lake ni dogo ila harufu inakupokea katikati ya baridi. Nitakuja kuinusa siku utakaponitumia tiketi.

Sasa nijibu haraka: bogenvilia unataka ya zambarau, au ile nyeupe ya kwa mama wa kona? Yule mama ameahidi kunikatia Jumanne, na akishaanza kupika bukari, ugali wake wa kuuza, hasikii tena la mtu.

Wako,
Mama Kevin