Harambee ya Nyumba ya Walimu, Bonde la Yaeda, Mbulu

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mwalimu aliyehama shule yetu mwaka jana alikuwa ameshajua kuita majina ya watoto wa Kihadzabe, pamoja na vidoko vyake, zile sauti za kugonga kwa ulimi. Msicheke, si kazi ndogo. Mtoto anayeingia darasani hajui Kiswahili, akisikia jina lake limetamkwa sawasawa, huacha kujificha nyuma ya mwenzake. Alijua pia kwamba matunda ya porini yakiiva na asali ikipatikana mibuyuni, wazazi huhamisha kambi na watoto huenda nao. Hakuwaandika watoro. Aliwasubiri, na waliporudi akawafundisha jioni yale yaliyowapita.

Wahadzabe wote hawafiki 2,000. Mwalimu wa kuwaelewa watoto wao haji ameiva kutoka chuoni. Huivia hapahapa, kwa miaka. Wetu alipoiva, akaomba uhamisho. Hatumlaumu. Alilala kwenye stoo ya shule, yeye na madawati mabovu na popo. Masika bonde likijaa maji, pikipiki hazipiti, na mshahara uko benki mjini. Akitaka kumjulia hali mama yake, apande kilimani kutafuta mtandao.

Ndiyo maana tunajenga nyumba ya kukaa familia mbili za walimu. Wanakijiji, Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw, wamesomba mawe, mchanga na maji mpaka boma limefika kwenye lenta. Hapo nguvu zetu zimeishia. Tunaomba mabati 64, mifuko 40 ya saruji, mbao za kupaulia, milango minne na tangi la lita 5,000 la kukingia maji ya mvua. Mwenye bati moja alete hilo moja. Fundi wa kupaua atakayejitolea siku tatu atakula kwetu, na asali hatakosa.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mlio mbali, tumeni kwa mweka hazina wa kamati, na mdai stakabadhi. Kila mchango utabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, hata wa shilingi 500.

Tungependa kupaua kabla mvua hazijaanza. Mwalimu mpya, binti mdogo tu, ameripoti wiki mbili zilizopita. Kwa sasa anakaa kwa mwenyekiti wa kijiji, na watoto wameshaanza kumfundisha vidoko.

Kamati ya Shule